Chupa Tupu na Maua ya Bustani: Somo la Kupamba Chupa za Kioo Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Busia na Malaba, chupa ya kioo isiyorudishwa dukani huishia mahali pamoja kati ya patatu: kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, mikononi mwa mnunuzi wa chupa tupu, au kwenye kona ya jikoni ikiwa imejazwa mafuta taa. Kila mahali hapo pana hatari yake. Somo la toleo hili linaonyesha mahali pa nne: juu ya meza, ikiwa imepambwa kwa maua yaliyoota katika ua wako mwenyewe, na pengine ikiwa na bei.

Kazi hii haihitaji mashine wala umeme. Inahitaji chupa safi, maua, magazeti ya zamani, gundi nyeupe, vanishi na subira ya wiki tatu hivi. Subira ndiyo ngumu kuliko vyote. Anayeanza kazi hii hashindwi kwa kukosa kipaji. Hushindwa kwa kubandika maua kabla hayajakauka sawasawa. Ukiondoka na jambo moja tu katika somo hili, liwe hili: ua lenye unyevu litaoza chini ya vanishi.

KWA NINI TUNAZUNGUMZIA CHUPA

Chini ya Katiba ya 2010, uzoaji na utupaji wa taka ngumu ni jukumu la serikali za kaunti. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 nayo inamtaka kila mkazi atenganishe taka zinazooza na zile zisizooza. Kioo kimo katika kundi la pili. Ganda la ndizi likitupwa shambani huwa mbolea. Chupa ikitupwa shambani hubaki chupa, na ikivunjika huwa kisu. Vipande vyake hungoja mguu wa mtu anayepalilia, au wa mtoto anayefuata mpira.

Hatari ya pili haionekani kwa urahisi. Wanunuzi wengi wa chupa tupu wanafanya biashara halali: chupa hizo hurudi sokoni zikiwa na asali, mafuta ya kupikia au sharubati. Lakini mtu anayetengeneza pombe bandia naye anatafuta chupa, na anayoipenda zaidi ni ile yenye lebo nzima, kifuniko chake na stempu ya ushuru. Mnywaji akiiona hudhani ni kinywaji halali. Mnamo Mei 2014, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya, zikiwemo Embu, Kitui na Makueni, na wengine wakapoteza macho. Kwa hiyo, hata kama huna nia ya kupamba chupa, usiitoe nyumbani chupa ya pombe kali ikiwa na lebo na kifuniko chake. Ondoa lebo, chana stempu na uharibu kifuniko. Ni kazi ya dakika tatu.

Hatari ya tatu iko jikoni. Mafuta taa au dawa ya shamba ikiwekwa katika chupa ya soda au ya juisi, mtoto huona kinywaji. Iwapo mtoto amekunywa mafuta taa, usimlazimishe kutapika, kwa sababu mafuta hayo yanaweza kuingia kwenye mapafu wakati wa kutapika. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, na ubebe chupa yenyewe ili mhudumu aone alichokunywa.

Chupa iliyopambwa huepuka njia zote tatu. Haiendi shimoni, haina lebo ya kumdanganya mtu, na hakuna atakayeitilia mafuta taa.

HATUA YA KWANZA: CHAGUA CHUPA INAYOFAA

Chupa za soda na bia zinazorudishwa kwa kreti si zako. Ulilipa amana tu. Zirudishe dukani, zioshwe na kujazwa tena. Hayo ndiyo matumizi bora ya chupa hizo.

Zinazofaa kwa somo letu ni chupa za mvinyo, za pombe kali, za sosi na za juisi zisizorudishwa, pamoja na mitungi ya jemu na asali. Anayeanza achague mtungi au chupa yenye ubavu ulionyooka. Chupa yenye tumbo la mviringo hukunja ua na kulivunja.

Usitumie chupa iliyowahi kuwa na dawa ya wadudu, dawa ya kuogeshea mifugo au asidi ya betri, hata ukiiosha mara kumi. Usitumie pia chupa yenye ufa au mdomo uliomeguka. Pitisha kitambaa kwenye mdomo wa chupa, si kidole. Kitambaa kikinasa, iache chupa hiyo. Ifunge kwa gazeti nene kabla ya kuitupa, ili anayezoa taka asikatwe.

Kuosha kunafanywa hivi. Loweka chupa katika maji ya moto kiasi yenye sabuni na kijiko kimoja cha magadi kwa saa mbili au tatu. Usimwage maji yanayochemka kwenye chupa baridi, itapasuka. Lebo ikilainika itatoka kwa kucha. Gundi ya lebo ikibaki, ipake mafuta ya kupikia kidogo, ingoje robo saa, kisha isugue kwa majivu laini na kitambaa. Osha tena kwa sabuni, suuza, na iache chupa ikauke ikiwa imeinamishwa usiku mzima. Siku ya kubandika, ifute nje kwa pamba yenye spiriti ya kusafishia vidonda. Mafuta ya vidole vyako ndiyo adui wa kwanza wa gundi.

HATUA YA PILI: CHUMA MAUA YALIYO KARIBU NAWE

Huhitaji maua ya dukani. Ua mzuri kwa kazi hii ni jembamba, lina maji kidogo, na halizidi ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Katika ua na kando ya barabara za kaunti yetu kuna mengi ya kuanzia.

Bogenvilia ndiyo mwalimu mzuri wa anayeanza. Sehemu tunayoiita ua ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kijisehemu cheupe kilicho katikati. Kwa kuwa ni majani, ni mepesi kama karatasi na hukauka haraka. Toa kijisehemu cha katikati kabla ya kulibana.

Kosmosi na maua mengine yenye petali za bapa hukauka vizuri. Waridi na alizeti mwitu, ile inayopandwa kuwa ua wa boma, zibanduliwe petali moja moja, kwa maana kitovu chake ni kinene na huhifadhi maji. Utaliunda ua upya juu ya chupa.

Usisahau majani. Jani la mgrevilea limechanika kama unyoya, na upande wake wa chini unang'aa kama fedha. Vijani vidogo vya mwarobaini, makangaga na masuke ya nyasi hukauka kwa siku chache na hulipa pambo umbo. Chupa nyingi zinazovutia huwa na majani mengi na maua machache.

Rangi zina tabia zake. Njano na rangi ya chungwa hudumu. Nyekundu hugeuka kuwa ya damu ya mzee au karibu nyeusi. Nyeupe huelekea kuwa ya maziwa au ya kahawia. Zambarau na buluu hufifia upesi zikipigwa na jua. Haibiskasi ina maji mengi na hunata kwenye karatasi; iache hadi upate uzoefu.

Mimea mingine usiiguse kwa ajili ya kazi hii. Mnanaha na mioleanda, ile ya waridi na ile ya njano inayopandwa kwenye ua, zina sumu. Zisikauke mahali ambapo mtoto anazifikia. Mnyaa una utomvu mweupe unaoweza kudhuru macho.

Lipo pia ua moja zuri linalohitaji onyo la pekee. Ni ua la waridi na zambarau linalochomoza kati ya mahindi, mtama na wimbi: striga, ambayo wengi tunaiita kayongo. Mmea mmoja wa kayongo hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja mizizi ya mahindi. Ukilibeba ua lake kwenda kulikausha nyumbani, umebeba mbegu. Kayongo hung'olewa kabla haijachanua na huchomwa. Vivyo hivyo, gugumaji linalochanua pwani ya ziwa huko Sio Port na Port Victoria lisihamishwe kwenda kwenye bwawa au kidimbwi chochote.

Chuma kati ya saa nne na saa sita asubuhi, umande ukishakauka na jua halijalinyausha ua. Usichume siku ya mvua wala siku inayofuata usiku wa mvua kubwa. Chuma mara mbili ya unavyohitaji, kwa sababu nusu itavunjika. Na omba ruhusa: maua ya shule, ya kanisa, ya msikiti na ya jirani yana mwenyewe.

HATUA YA TATU: KAUSHA KWA KUBANA

Njia tunayofundisha hapa ni ile ile inayotumiwa na wanasayansi wa mimea. Katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi kuna hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa Amani, Tanzania, mwaka 1902, kisha ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Mimea iliyomo ilibanwa katikati ya karatasi zinazonyonya maji, na mingi inasomeka hadi leo. Kilichoihifadhi ni ukavu na giza. Vitu hivyo viwili unaweza kuvipata nyumbani kwako.

Chukua gazeti la zamani. Karatasi ya kung'aa ya majarida haifai, hainyonyi maji. Juu ya kurasa sita za gazeti weka karatasi moja nyeupe isiyo na maandishi, ili wino usipakae. Panga maua uso ukiangalia chini, yasigusane. Funika kwa karatasi nyingine nyeupe, kisha kurasa sita tena. Unaweza kupandisha tabaka tano au sita za namna hiyo. Weka rundo lote kati ya mbao mbili au vipande viwili vya katoni ngumu, kisha uweke uzito juu: matofali mawili, au ndoo ya mchanga.

Hapa ndipo hali ya hewa yetu inapoleta mtihani. Tunaishi karibu na Ziwa Victoria, na katika mvua za Machi hadi Mei hewa ina unyevu mwingi. Gazeti lililonyonya maji ya ua likiachwa hapo, linarudisha unyevu huo kwa ua, na baada ya siku nne utaona ukungu wa kijivu. Kwa hiyo badilisha magazeti yote siku ya pili, siku ya nne, siku ya saba, kisha mara moja kwa wiki. Yale uliyoyatoa yaanike juani, yatumike tena. Wakati wa mvua badilisha kila siku kwa wiki ya kwanza. Weka rundo juu ya meza au kabati, kamwe si sakafuni.

Maua membamba huwa tayari kwa siku kumi hadi kumi na nne, na yale manene kwa wiki tatu. Usiamini kalenda pekee. Pima kwa ngozi. Ligusishe ua kwenye mdomo wako wa juu. Likiwa la baridi, bado lina maji. Likiwa halina baridi na linatoa mchakacho mdogo kama karatasi, limekauka. Lihifadhi ndani ya kitabu au bahasha, mahali pakavu na penye giza, mbali na mende na panya.

Kuna wanaotumia pasi ili kuharakisha. Inawezekana kwa majani: pasi ya uvuguvugu, bila mvuke, jani likiwa kati ya karatasi mbili, ubane sekunde kumi, uinue, urudie. Kwa maua ya rangi, pasi huunguza rangi. Subira ni nafuu.

HATUA YA NNE: BANDIKA

Utahitaji gundi nyeupe ya maseremala au ya shule, ile inayokauka na kuwa angavu, brashi laini yenye upana wa kidole, tishu nyeupe, kibano kidogo, sponji yenye unyevu, na vanishi angavu ya maji kutoka duka la hadiwea. Vanishi ya mafuta hugeuka njano baada ya muda na harufu yake ni kali. Ukilazimika kuitumia, fanya kazi nje na mbali na jiko, kwa maana mvuke wake unawaka.

1. Changanya vijiko viwili vya gundi na kijiko kimoja cha maji.

2. Panga maua mezani kwanza, bila gundi, hadi upendezwe. Anza na majani, kisha maua makubwa, kisha madogo. Acha nafasi tupu. Kioo nacho ni sehemu ya pambo.

3. Paka gundi nyembamba kwenye eneo dogo la chupa, lisilozidi kiganja chako.

4. Inua ua kwa kibano, lilaze juu ya gundi, na ulibane kwa sponji kuanzia katikati kuelekea nje ili hewa itoke.

5. Tishu nyingi zina matabaka mawili. Yatenganishe ubaki na moja. Chana kipande kwa mkono kidogo kuliko eneo ulilobandika, ukilaze juu ya ua, kisha upake gundi juu yake taratibu. Tishu ikilowa gundi huwa angavu kama haipo, nayo hushikilia kingo za ua kwenye mviringo wa chupa. Kingo zilizochanwa hazionekani kama zilizokatwa kwa makasi.

6. Geuza chupa na uendelee. Acha ikauke saa ishirini na nne.

7. Paka vanishi nyembamba. Acha ikauke usiku mzima. Rudia mara tatu. Mipako mitatu myembamba ni imara kuliko mmoja mnene.

8. Acha chupa siku saba kabla ya kuitumia au kuiuza. Vanishi inaweza kuwa kavu kwa kugusa na bado ikawa laini ndani.

Kwa chupa ya kahawia au ya kijani, rangi za giza hupotea. Funika eneo lote kwa tishu nyeupe kwanza, iache ikauke, kisha ubandike maua juu yake. Au tumia maua ya njano na majani ya mgrevilea, upande wa fedha ukiwa juu.

MATATIZO YA KAWAIDA NA DAWA YAKE

Madoa ya kahawia yanayokua chini ya vanishi ni dalili kuwa ua lilikuwa na unyevu. Hakuna dawa, loweka chupa, osha, anza upya. Chupa haijapotea.

Mapovu chini ya tishu husababishwa na gundi nzito au kubana kuanzia pembeni. Gundi ikiwa bado mbichi, toboa povu kwa sindano na ubane kwa sponji.

Ukungu mweupe juu ya vanishi hutokea ukipaka wakati mvua inanyesha au hewa ni nzito. Subiri siku kavu, upake mpako mwingine mwembamba. Mara nyingi ukungu hutoweka.

Kingo za ua zikiinuka, ziongezee gundi kwa ncha ya kijiti, kisha vanishi tena.

MATUMIZI NA TAHADHARI

Chupa hii ni ya pambo, ya kuwekea maua, kalamu au vijiko vya mbao. Unaweza kutia maji ndani yake, lakini usiiloweke. Ifute nje kwa kitambaa chenye unyevu. Gundi na vanishi si vya kugusa mdomo, kwa hiyo isitumike kunywea. Usiweke mshumaa unaowaka ndani yake: kioo kinaweza kupasuka kwa joto, na maua makavu yanashika moto. Iweke mbali na dirisha lenye jua kali ili rangi zidumu.

Watoto wanaweza kushiriki katika kuchuma, kupanga na kubadilisha magazeti. Kuosha chupa, spiriti na vanishi ni kazi ya mtu mzima.

UKITAKA KUUZA

Kioo kilichotumika kimeshawapa watu kazi katika eneo letu la Afrika Mashariki. Kitengela, kusini mwa Nairobi, mafundi huyeyusha kioo cha taka na kukipuliza kuwa glasi na mapambo. Arusha, karakana ya Shanga imeajiri watu wenye ulemavu wanaotengeneza bidhaa kwa kioo kilichotumika. Hao wana tanuri. Sisi tunaanza na meza, lakini kanuni ya hesabu ni ile ile.

Hesabu ya mfano, kwa chupa kumi, iwe hivi. Weka bei za duka lako mwenyewe. Gundi shilingi 250, vanishi 450, tishu 50, spiriti 100: jumla 850, yaani shilingi 85 kwa kila chupa. Kila chupa imekuchukua saa moja na nusu ya kazi. Ukijilipa shilingi 60 kwa saa, hiyo ni shilingi 90. Jumla shilingi 175. Chupa moja kati ya kumi ikivunjika njiani, gharama ya kila inayobaki inafika karibu shilingi 195. Ukiuza kwa 150 kwa sababu "chupa ilikuwa ya bure", umelipa shilingi 45 ili mnunuzi akubali kuichukua. Ukiuza kwa 250, umebaki na faida ya shilingi 55. Fundi anayeacha kuhesabu muda wake hufunga kazi akidhani soko lilikuwa baya.

Soko la karibu ni mikahawa, nyumba za wageni na saluni za Busia na Malaba, ambazo pia ni chanzo cha chupa. Nenda na chupa mbili za mfano, moja mtu aiguse, nyingine iachwe mezani kwao wiki moja.

Anayetaka kuvuka mpaka ana njia halali na rahisi. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni. Malaba nako utaratibu ni huo huo. Anayevuka husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, na maafisa wa nchi zote mbili humhudumia hapo. Kwa bidhaa zinazotoka Jumuiya ya Afrika Mashariki na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kuna cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Waulize maafisa wa forodha, kabla ya kubeba mzigo, iwapo pambo lako linaingia katika orodha hiyo. Usipite njia za panya: mzigo ukikamatwa huko, huna karatasi ya kujitetea.

Tahadhari moja zaidi. Usivuke na maua mabichi, miche wala mbegu kwa ajili ya kazi hii. Kuingiza mimea nchini kunahitaji idhini ya KEPHIS, taasisi inayolinda mashamba yetu dhidi ya magonjwa na wadudu wa mimea. Chuma upande wako, uza upande wowote.

Ukipokea malipo kwa shilingi za Uganda, jua kiwango cha siku hiyo kabla ya kukubaliana bei, na ubadilishe siku hiyo hiyo. Faida ya shilingi 55 inaweza kuisha kwenye kubadilisha pesa peke yake.

KAZI YA NYUMBANI

Vyuo vya ufundi vya vijiji na vituo vya sanaa za nyumbani ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba imeyakabidhi kaunti. Vikundi vya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu vinavyotaka kujifunza pamoja vinahimizwa kuwasilisha ombi katika ofisi ya msimamizi wa wadi. Somo hili linaweza pia kufundishwa kanisani, msikitini au kwenye chama bila kusubiri mtu yeyote.

Kwa sasa, fanya haya. Leo tafuta chupa moja na uiloweke. Kesho kabla ya saa sita, kama hakuna mvua, chuma bogenvilia ishirini na majani kumi, uyabane kwenye gazeti. Andika tarehe kwenye pembe ya gazeti hilo kwa kalamu, na chini yake tarehe tatu za kubadilisha karatasi. Baada ya wiki tatu ligusishe ua kwenye mdomo wako wa juu. Likiwa bado la baridi, ongeza wiki moja.